Kirikuu cha Matawi

Leo nimeaibika katika nchi mbili kwa mpigo mmoja. Kaeni niwasimulie, ila chai wekeni chini kwanza.

Uvumilivu wangu umekatika asubuhi, hata mtoto sijamshusha mgongoni. Nimefika kazini, nimesukuma geti la mabanzi, nimekuta matofali. Siyo pembeni. Juu ya waridi zangu! Mtu kaja na trekta, kainua tela, kamwaga mzigo katikati ya kitalu kama anafukia shimo. Miche niliyoipanga kwenye viriba kwa mikono yangu imelala chini ya matofali, majani yametokeza pembeni kama vidole vya mtu anayeomba msaada.

Nikapiga kelele. Siyo kilio. Kelele. Mtoto akaamka, naye akapiga. Tukapiga pamoja.

Kwa wasionijua, mimi ni Mama Furaha (hilo ni jina la mtoto, siyo tabia yangu). Nalala Tunduma, biashara yangu iko ng'ambo, Nakonde, upande wa Zambia. Nauza miche: waridi, maua ya uzio, parachichi za kubebesha (tunaunganisha kikonyo kwenye shina), minazi ya mapambo ya kusimamisha getini. Kila asubuhi navuka mpaka na mtoto mgongoni kama mtu anayekwenda shamba, tofauti ni kwamba shamba langu liko nchi ya watu.

Mtaniuliza, kwani umekosa pa kuuzia maua Tanzania? Nimekosa, ndiyo. Tunduma kila kipande cha ardhi kimejengwa gesti au kimeegeshwa lori. Nakonde nilimpata Mzee Silungwe, akanipa kiwanja chake kilichokuwa jaa la taka. Akasema, "Safisha, panda, mimi nikiona kijani inanitosha." Nikasafisha, na mimba yangu, na reki yangu. Sasa hivi pale ni pazuri mpaka maharusi wanakuja kupiga picha.

Na hapo ndipo mtoto wake wa kwanza, Mwape, alipopaona. Kwenye taka hakupaona. Kwenye maua kapaona! Anataka kujenga fremu za maduka. Kwanza alivuta kamba. Nikanyamaza. Akachomeka vigingi. Nikahamisha viriba, nikanyamaza. Mgeni kwenye nchi ya watu unajifunza kunyamaza (mimi sijafaulu sana hilo somo).

Mzee mwenyewe anaumwa tangu mvua zilipokata. Kabla hajalala kitandani alikuwa ameniagiza mnazi wa mapambo, akaniahidi jambo. "Siku utakayoniletea mnazi wangu, nitawaita wanangu wote, nitawaambia mbele yako kwamba pale ni pako mpaka utakapochoka mwenyewe." Mwape akajua. Kila nikiomba kuupeleka, jibu ni moja: "Mzee hapokei wageni. Mtu anayeumwa ana haja gani na miti?"

Kwa hiyo mnaelewa. Mzee akifa hajasema lile neno, mimi sina kiwanja. Na miche siyo nguo za mtumba, kwamba unafunga robota unahama. Parachichi mama ninazokata vikonyo vyake zimeshika ardhi. Nikizing'oa zinakufa, nami nabaki na reki.

Nikayatazama yale matofali. Nikasema kwa sauti, peke yangu, "Leo mzee anaupata mnazi wake. Anayetaka kunizuia na aje."

Saa hiyohiyo akaingia Kaka Ezekia na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo. Kaka Ezekia ni mtu wa Ndalambo, anaishi Tunduma, ananiletea samadi ya kuku. Ni mwimbaji wa besi kwenye kwaya, ana kifua kama pipa, na anaogopa kila kitu ambacho Mungu ameumba pamoja na vingine alivyoviacha.

"Mama Furaha, nishushe samadi wapi?"

"Usishushe."

"Nisishushe?"

"Usishushe. Tunapakia mnazi juu yake, tunaenda kwa Mzee Silungwe."

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojitengenezea aibu kwa mikono yangu miwili. Ule mnazi ni mrefu kupita mimi. Tukaulaza juu ya samadi, mizizi kule mbele kwenye gunia, kichwa kikatokeza nyuma ya gari. Majani nikayafunga kwa kamba ya katani yasichanike. Upepo wa msimu huu mnaujua, unapeperusha mpaka mabati, basi nikachukua shuka langu jeupe ninalomlazia mtoto kitaluni, nikaufunika wote, kichwa mpaka miguu, nikachomekea pande zote vizuri.

Nikazunguka nyuma. "Kaka, taa zako za breki?"

"Zilikuwepo."

Mimi nimezaliwa Mlowo, huko Mbozi, pembeni ya barabara kuu. Baba yangu alikuwa utingo wa malori. Nilichojifunza kabla ya kusoma ni hiki: gari likiwa na hitilafu, au mzigo ukitokeza, unakata matawi, unaweka, wenzako wanaona, wanapunguza mwendo. Mtoto wa Mlowo hafundishwi hilo, anazaliwa nalo. Basi nikakata matawi kwenye uzio. Nikafunga nyuma. Nikafunga mbele kwenye bampa. Nikachomeka kwenye vioo vya pembeni, kulia na kushoto. Nikarudi nyuma kutazama. Nikaona bado, nikaongeza.

"Washa taa," nikamwambia. "Na uende polepole. Mnazi ukivunjika shingo, na yako naivunja."

Nikapanda nyuma na mtoto wangu. Nikaketi pembeni ya lile shuka, mkono mmoja juu yake lisibiringike, kitenge nimejifunika kichwani mpaka puani kwa ajili ya ile samadi. Macho mekundu kwa vumbi na hasira. Tukatoka.

Wa kwanza alikuwa mwendesha baiskeli. Alipotuona akashuka, akavua kofia, akainamisha kichwa. Nikasema moyoni, angalau yupo mwenye adabu nchi hii.

Kisha kinyozi. Yule kinyozi wa pale kona ana spika kubwa kuliko duka lake, sijawahi kupita mbele yake na kusikia mawazo yangu. Leo tumefika karibu, muziki ukakatika. Duka la simu linalofuata, ukakatika. La tatu, ukakatika. Muziki ulikuwa ukizimika mbele yetu duka hadi duka, kama kuna mtu asiyeonekana anatutangulia akizima. Tukipita ndiyo kimya kabisa. Nilisikia kamba ya katani ikilia. Nilisikia mtoto wangu akipumua.

Tukafika kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Madereva wa pale nawajua. Kila siku ni miluzi, kila siku "Mrembo wa maua, nioteshe na mimi!" Nikajiandaa kutukana. Hakuna aliyepiga mluzi. Wamesimama pembeni ya matairi yao, mikono mbele, wanatazama chini. Mmoja akazima injini. Mwingine akazima. Lori baada ya lori.

Watoto waliokuwa wanacheza mpira wakakaa chini vumbini. Wote. Hakuna mtu mzima aliyewaamuru.

Mbwa mmoja tu ndiye aliyetusogelea. Akanusa upande wa shuka, akarudi nyuma taratibu huku analalamika.

Nikatazama nyuma. Kuna gari jeupe. Taa zimewashwa, jua lote lile. Nikalipungia mkono lipite. Halikupita. Nyuma yake gari jingine, taa zimewashwa. Nyuma yake pikapu imejaa wanawake waliosimama, na hakuna anayeongea. Wanawake wamejaa pikapu na hakuna anayeongea!

Kaka Ezekia akagonga kioo kidogo cha nyuma.

"Mama Furaha. Hawa watu wanatufuata."

"Wana haraka zao, waache."

"Mwenye haraka hafuati kirikuu."

Akili hiyo sikuwa nayo. "Ongeza mwendo basi!" Akaongeza. Wakaongeza. "Punguza!" Akapunguza. Wakapunguza. "Simama!" Akasimama. Magari yote yakasimama. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyepiga honi. Upepo ukapita ukainua pembe ya shuka, nikaishika haraka nikaichomeka, na kule nyuma nikaona mama mmoja anafumba macho.

Nikasimama kwenye samadi, mtoto mgongoni. "Nyie mnanifuata nini?"

Mzee mmoja mwenye koti la suti kwenye lile gari jeupe akashusha kioo. Akanitazama kwa huruma ambayo sijawahi kutazamwa nayo hata siku ya uchungu.

"Tuko pamoja nawe, bamayo," akasema, yaani mama. Akapandisha kioo.

Jamani! Nikakaa. Nikajibana mkono. Nawaambia ukweli, nilianza kujiuliza kama siyo mimi niliyekufa na bado sijaambiwa.

Kaka Ezekia naye akaona dawa ya hofu ni kumwimbia Mungu. Akachagua wimbo wa taratibu kuliko zote anazozijua. Besi yake ikatoka dirishani, nzito, kama inatoka chini ya ardhi. Na kule nyuma yetu sauti za wanawake zikaupokea! Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwa lugha yao. Wimbo uleule.

"Acha kuimba!" nikamwambia.

"Nikiacha wataendelea peke yao!" akajibu, karibu kulia. Akaendelea.

Kwenye njia panda ya kwenda kwa mzee ndipo anapouzia samaki wakavu Bana Chola, yaani mama yake Chola, mteja wangu wa maua ya uzio. Bana Chola hajawahi kuacha meza yake. Mvua ya mawe ilinyesha mwaka jana akakaa palepale na beseni kichwani. Leo ametuona tunakata kona. Ametazama shuka. Ametazama njia tunayoishika. Akaweka mkono mdomoni. Kisha akafungua kilemba chake, akakifunga kiunoni, akaacha samaki wote mezani, akaanza kutufuata kwa miguu.

Bana Chola kaacha samaki! Hapo mimi nikajua kuna jambo. Sikujua ni jambo gani, ila nikajua ni kubwa kuliko mimi.

Tukafika. Geti la Mzee Silungwe liko wazi, na siku zote huwa limefungwa. Waliokatiza vichochoroni wametutangulia, wamesimama uani kimya. Barazani kuna kiti cha mzee, kile cha kamba. Kitupu. Fimbo imeegemea ukutani. Chini kuna bakuli la uji, linatoa mvuke.

Kiti kitupu na uji wa moto. Sitasahau picha ile.

Mwape akatoka ndani na mswaki mdomoni. Akatuona. Mswaki ukaanguka. Na hapo mwanamke mmoja uani akaachia ukunga ambao naapa umesikika mpaka Tunduma, na wote wakaanguka chini, kama vile umevuta kamba moja.

Basi kichwani mwangu kila kitu kikakaa mahali pake. Mzee amekufa! Ndiyo maana muziki umezimwa. Ndiyo maana malori. Hawa walikuwa wanakuja msibani, na mimi kwa ujinga wangu nimejichomeka mbele ya msafara wa watu na samadi ya kuku! Na amekufa kabla hajasema neno lake. Nimechelewa kwa bakuli moja la uji.

Nikashuka. Sikumbuki nilivyoshuka. Bana Chola akanipokea mtoto, mimi nikajitupa chini. Wanawake wa kwetu Mbozi tunajua kulia, sitaki kujisifu, lakini leo nimelia mpaka wenyeji wakanyamaza kunisikiliza.

"Baba yangu weee! Umeniacha na nani ugenini! Ningekuja jana, baba! Umeniacha na parachichi zako! Nani ataniteteaaa!"

Nikagaragara. Kitenge kikafunguka. Mama mmoja akanipangusa kamasi kwa upande wa chitenge chake. Wengine wanatua kuni. Mwingine kaweka beseni la unga karibu na kichwa changu. Yule mzee wa suti anasema, "Mwacheni alie, mwacheni atoe." Nikatoa.

Na katikati ya kutoa, sikio langu moja likasikia Kiswahili. Mwape amesimama nyuma ya kirikuu, mgongo kautupa kwa watu, simu sikioni.

"Fundi? Uko Tunduma bado? Vuka, njoo na mkanda wa kupimia. Mzee ametutoka. Ndiyo, kile kiwanja cha maua. Leo leo. Huyu mwanamke yuko hapa analia, hayupo kule."

Kilio kikakauka kama bomba la maji la Tunduma. Nikainuka.

"We Mwape! Huna hata haya! Maiti haijapoa, unaita mkanda!"

Uani vichwa vyote vikageuka.

"Iwe, we mwanamke," akasema, "usinifundishe kumlilia baba yangu. Nani aliyekutuma kumchukua humu ndani nimelala, umpeleke hospitali bila sisi kujua?"

"Kumchukua nani?"

"Baba!"

"Mimi nimemchukua baba yako wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye shuka. "Maiti si umeileta wewe!"

"Mimi nimeleta mnazi!"

Sijui mmewahi kusikia kimya cha watu wengi wanaofikiria kwa pamoja. Ni kizito. Kuku mmoja akapita katikati yetu. Nikamtazama Bana Chola. Bana Chola akatazama matawi ya bampa. Akatazama ya vioo. Akanitazama mimi.

"Mwebantu, jamani," akasema polepole. "Mama Furaha. Nani alikuambia uweke matawi kwenye gari?"

"Taa za breki hazifanyi kazi!"

"Awe, hapana, mama. Huku kwetu gari la matawi ni gari la maiti."

Hata sijalimeza hilo, nyuma ya nyumba mlango wa choo ukalia. Hatua zikaja taratibu, zinaburuza ndala. Akatokea mtu amejifunika blanketi la kijivu, kopo la maji mkononi, amekonda mpaka macho yamekuwa makubwa. Akasimama pembeni ya kiti chake kitupu. Akatutazama wote, tuliosimama na waliolala chini.

"Nani amekufa?" akauliza Mzee Silungwe.

Siwezi kuwaeleza mbio zile. Pikapu ilijaa kabla dereva hajapanda. Mwenye kuni aliondoka na kuni, akazitupa, akarudia ndala. Kaka Ezekia, mtu wa kifua kama pipa, alipita juu ya uzio (sio mlangoni, juu ya uzio!) na besi yake yote ikawa sauti ya mtoto. Mimi sikukimbia. Msinisifu. Miguu ilikataa.

Mzee akakaa. Akachukua uji wake, akanywa kidogo. Akanitazama nilivyo, vumbi mpaka kope, kamasi, unga nywelani.

"Mama Furaha. Unamlilia nani?"

Nifanyeje? "Wewe, baba," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba." Akanywa tena. "Na pale kwenye gari nimelala mimi?"

"Ni mnazi wako, baba. Ule ulioniagiza."

"Nifunulie nijione."

Nikavuta shuka. Ukatokea mnazi, majani yamefungwa, na harufu ya samadi ikapanda mpaka kwa walioanza kurudi kuchungulia getini. Mtu mmoja akacheka, akajizuia, akashindwa. Nikatamani ardhi ya Zambia inifunike, au ya Tanzania, yoyote iliyo karibu.

Lakini mzee hakucheka. Alikuwa anahesabu sura, moja moja, polepole, wale waliokuwa wanasimama na kujipangusa vumbi. "Wamekuja wengi," akasema, kama anaongea na uji. "Sikudhani." Kisha, bila kugeuza kichwa, "Mwape. Ulikuwa unampigia nani simu?"

Mwape akatazama viatu. "Nilikuwa naita watu, Batata, baba yangu. Kuwajulisha."

"Mtu gani anajulishwa msiba na mkanda wa kupimia?"

Kumbe choo cha mzee kina tundu la hewa upande wa gari! Alisikia yote. Kilio changu na simu ya mwanawe. Alikaa mle ndani akisikiliza matanga yake mpaka mwisho ndipo akatoka.

Mwape akajaribu. Akanigeukia mimi. "Huyu mwanamke ametuletea mkosi! Ameleta gari la maiti kwa mtu aliye hai! Aondoe miche yake kesho!" Na kuna waliotikisa kichwa getini, wanakubali. Nikaona kiwanja changu kinaondoka, na safari hii kwa matawi yangu mwenyewe.

Mzee akanyanyua mkono. "Nyie mliokuja kunizika, kaeni. Unga si mmeleta? Kuni si mmeleta? Pikeni. Mimi sijawahi kusikia mtu anapata bahati ya kula kwenye matanga yake." Wakatazamana. Bana Chola ndiye aliyeokota kuni ya kwanza. "Na wanangu wote wasogee, msiba wangu umekwisha kuwaleta. Pale kwenye maua ni pa huyu mama mpaka achoke mwenyewe. Nimesema nikiwa hai. Nikifa msiseme sikusema."

Jamani, nililia tena. Safari hii hakuna aliyenipangusa.

Kisha akanivuta karibu, akaninong'oneza. Mkono wake ulikuwa baridi, mwepesi kama jani kavu. "Neno la mdomo litanifuata kaburini. Twende ofisini ukaandike, niweke dole gumba langu likiwa bado lina joto."

Kaka Ezekia tukamtoa nyuma ya banda la mbuzi. Mnazi tukaushusha. Nikaanza kung'oa matawi, mzee akakataa. "Yaache. Nataka nione."

Kwa hiyo mkisikia habari za Nakonde msikatae, ni kweli. Kirikuu cha matawi kilirudi njia ileile mchana kweupe, na marehemu amekaa mbele na blanketi lake, kioo kimeshushwa. Muziki ukazimika duka hadi duka. Baiskeli zikasimama. Kofia zikavuliwa. Na mzee akawa anainua mkono, taratibu, anaitikia. Wale madereva wa malori, wanaume wazima, niliwaona wakipanda kwenye vichwa vya malori yao na kufunga milango. Mzee hakutabasamu hata mara moja. Aliitazama ile njia kama mtu anayekariri.

Ofisi ya migogoro ya viwanja ina karani mmoja kijana, shati limepigwa pasi. Akatazama matawi dirishani. Akatazama blanketi. Akanitazama nywele zenye unga. Akasema malalamiko huandikwa kwa Kiingereza. Nikamwambia Kiingereza changu kiliishia kidato cha nne, hasira zangu ni za Kiswahili. Akasema basi andika, nitatafsiri.

Nimeandika hivi, na nakala ninayo:

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA BWANA MWAPE SILUNGWE KUMWAGA MATOFALI JUU YA MICHE*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni raia wa Tanzania, mama wa mtoto mmoja, ninaendesha bustani ya miche kwenye kiwanja cha Mzee Silungwe kwa ruhusa yake, mpaka nitakapochoka mwenyewe. Nalalamika kwamba mtoto wake amemwaga matofali juu ya waridi zangu bila taarifa. Nalalamika pia kwamba leo, akiamini baba yake amefariki, alimwita fundi aje kupima kiwanja hicho kabla maiti haijashushwa kwenye gari. Maiti hiyo ilikuwa mnazi. Maelezo ya mnazi nimeyatoa kwa mdomo na nisingependa kuyarudia.*

*Naomba matofali yaondolewe na nisisumbuliwe tena mahali pangu pa kazi.*

*Shahidi wangu ni marehemu, ambaye amefika mwenyewe na ameweka dole gumba hapa chini.*

*Mwisho, naomba ofisi yako imwamuru karani aliyepokea barua hii atoke chini ya meza na aache kucheka, kwa kuwa mlalamikaji hacheki.*